Ruzuku Si Sadaka

Usiku mmoja mwaka jana jirani yetu hapa Likoni alitujia na mtoto mgongoni, uso umefura. Kulipokucha mamangu alivuka naye feri hadi Hospitali Kuu ya Pwani, ambako kuna kitengo cha waliodhulumiwa. Dawa alipata. Je, pa kulala? Alirudi kwetu, akalala chumbani mwangu wiki mbili.

Nyumba za kuwahifadhi watu kama yeye huendeshwa na mashirika yanayotegemea ruzuku. Ruzuku si mkopo, hairudishwi. Wala si sadaka, manake mfadhili huandika itumike kwa nini na iishe lini. Mara nyingi semina zinalipiwa, lakini kodi ya nyumba na mshahara wa mlinzi, hamna! Ikiisha, mlango hufungwa na wabishaji bado wapo. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, mashirika mengi ya Kenya yakapunguza kazi.

Sheria ya kuzuia dhuluma za nyumbani tunayo tangu 2015, na korti yaweza kumkataza mume asimkaribie mkewe. Kitanda lakini haitoi.

Jirani yetu alikwenda kwao Kwale. Kanga ya mamangu alikwenda nayo.