Kaplingi ya Mnato: Lami Huiua Kabla ya Mchanga

Katika mengi ya magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne huko Unguja, na hasa Toyota RAV4 ya kizazi cha pili iliyoundwa kati ya mwaka 2000 na 2005, kimo kifaa kilichozibwa kabisa, kisicho na plagi ya kubadilishia mafuta wala taa ya onyo kwenye dashibodi, hata mwenye gari huweza kukitumia kwa miaka bila kujua kuwa kipo. Kifaa hicho ni kaplingi ya mnato, yaani kiungo kinachoifunga mihimili ya mbele na ya nyuma kwa nguvu ya mafuta mazito badala ya meno ya gia.

Ndani ya gamba lake la chuma zimepangwa sahani nyingi nyembamba zenye matundu, moja ikishikana na gamba na inayofuata ikishikana na shafti ya katikati, na nafasi iliyo baina yao hujazwa mafuta ya silikoni, mazito kuliko asali, pamoja na hewa kidogo. Gari likienda sawasawa, sahani zote huzunguka kwa kasi inayokaribiana na mafuta hayana kazi kubwa; lakini gurudumu la mbele likizama mchangani na kuzunguka bure, sahani za upande mmoja huzipita za upande wa pili, mafuta yakapinga mwendo huo, na upinzani wenyewe ndio unaopeleka nguvu nyuma. Hali hiyo ikiendelea, mafuta hupata joto, hutanuka na kuibana ile hewa mpaka shinikizo linazisukuma sahani zigusane, na kwa muda mfupi kifaa hushika karibu kama kipande kimoja cha chuma, kisha hulegea kinapopoa. Ubunifu huu ulipevushwa Uingereza na kampuni ya FF Developments ya Tony Rolt, ambaye kabla ya hapo alikuwa dereva wa mashindano na mmoja wa washindi wawili wa Le Mans mwaka 1953, na gari la Kimarekani AMC Eagle, toleo la mwaka 1980, likawa miongoni mwa magari ya kwanza ya abiria kuutumia kwa wingi.

Si kila gari la aina hii linacho. Suzuki Escudo za zamani, ambazo dereva huunganisha mhimili wa pili kwa kuvuta mpini, hazina kaplingi ya mnato, na RAV4 zilizofuata baada ya 2005 hutumia klachi inayoamriwa na umeme. Land Rover Freelander ya kwanza inayo, nayo imefungwa katikati ya propela.

Wakazi wa Nungwi, ambako njia za ndani na za ufukweni ni mchanga na mawe ya matumbawe, huelekea kuusingizia mchanga kila ubovu wa gari, lakini katika jambo hili mchanga unaonewa. Juu ya mchanga gurudumu lisilolingana na mwenzake huteleza kidogo na kuutua mzigo. Juu ya lami halina pa kuteleza, na tofauti yote humezwa na kaplingi. Adui mkubwa ni tairi zisizolingana. Tairi ya ukubwa wa 215/70R16, ambayo hufungwa kwenye RAV4 hizo, ikiwa mpya yenye kashata za milimita 8, hutembea takriban milimita 30 zaidi kwa kila mzunguko kuliko tairi ileile iliyolika hadi milimita 3. Kwa safari ya takriban kilomita 60 kutoka Mjini hadi Nungwi, mwenye gari aliyenunua tairi mpya mbili tu kwa kubana matumizi huifanya kaplingi imeze tofauti ya karibu mizunguko 390 ya magurudumu, kwenda tu.

Silikoni inayopikwa hivyo kila siku hugeuka nzito zaidi, ikaelekea kuganda, na kifaa kikawa kigumu hata kikiwa baridi. Ubovu wa pili ni sili kuvuja, na hapo gari hupoteza msaada wa mhimili wa pili pale unapohitajika. Huu wa pili hujulikana upesi, kwa kuwa gari hukwama. Wa kwanza ndio wa hatari, kwa sababu gari bado linapanda mchanga vizuri sana, huku beringi, difu na viungo vya propela vikisagika. Kwenye Freelander, sanduku la gia linalogawa nguvu mbele huharibika kwa njia hiyo, na bei yake huizidi mbali ile ya kaplingi.

Kubadilisha kifaa kwa kuhesabu kilomita peke yake ni kupoteza fedha, hasa kwa gari lililoshushwa bandarini Malindi likiwa limetumika Japani miaka mingi. Kipimo ndicho kiamue, na kifanyike gari linaponunuliwa, kila tairi zinapobadilishwa, na mara dalili inapoonekana. Cha kwanza hakigharimu kitu: baada ya safari, gari lirudishwe nyuma polepole juu ya lami tambarare, usukani umekatwa mpaka mwisho, kisha mguu uondolewe kwenye mafuta; likisita kana kwamba breki ya mkono imevutwa nusu, kaplingi ni ya kushukiwa. Cha pili ni cha gereji: juu ya sakafu ngumu, kamwe si mchangani, magurudumu yawekewe kabari, gia iwe huru, breki ya mkono iachiliwe, na gurudumu moja la nyuma liinuliwe kwa jeki na stendi. Fundi hulizungusha kwa mpini mrefu wenye uzito mmoja usiobadilika na kuhesabu sekunde linazochukua kuzunguka. Gurudumu likikubali taratibu, kaplingi ni nzima; likigoma kabisa, inahitajika mpya; na likizunguka bila upinzani, kaplingi imepoteza mafuta. Sekunde hizo ziandikwe, kwani zikiongezeka kila mwaka ubovu umeanza.

Kaplingi mpya ifungwe pamoja na tairi nne za aina moja zilizolika sawa, na gari likiharibika njiani lipakiwe juu ya lori zima zima: kulikokota likiwa limeinuliwa magurudumu mawili tu kunatosha kuichoma kaplingi kabla ya kufika Mahonda, njiani kuelekea Mjini.