Barua ya Mgonjwa Isipotee Njiani

Mapendo ni mtaa wa mji wa Goma. Augaye huko yampasa kwanza kwenda kituo cha afya. Ugonjwa ukizidi uwezo wa wauguzi, hupelekwa hospitali kwa barua. Ndio utaratibu wa Kongo yote, iliyogawanywa katika zoni 519 za afya. Barua hiyo huuliza. Ya hospitali hujibu. Lakini mgonjwa akirudi mikono mitupu, mwuguzi atajuaje dawa aliyopewa mama mwenye shinikizo la damu, na siku ya kupimwa tena? Huenda akampa dawa zipinganazo. Wasomaji wapenzi, twawasihi: msitoke hospitali kabla ya kuomba barua ya majibu. Ifikisheni kituoni, iwekwe pamoja na karatasi za mgonjwa.