Binti wa pwani ya Lindi, jifunze kushika mzani

Dhahabu iliyoitajirisha Kilwa haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala, ikapakiwa jahazini na kupita mikononi mwa watawala na wafanyabiashara wa Kilwa Kisiwani, ambao waliitoza ushuru na kuiuza ng'ambo. Msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu mji huo kwa uzuri wake. Kilwa ilifua sarafu zake yenyewe za shaba, na mojawapo imepatikana Great Zimbabwe kwenyewe. Utajiri ule ulikaa kwa aliyeshika bandari, bei na hesabu.

Leo, kuanzia Somanga na Kilwa Kivinje hadi Mchinga na Lindi mjini, mali nyingi inapita mikononi mwa wanawake: mwani, pweza, dagaa, ufuta, korosho. Wengi wao huishia hatua ya kwanza. Wanaitoa mali baharini au shambani, wanaikabidhi, wanatajiwa bei. Binti unayeanza maisha pwani hii, ukiwa na cheti cha kidato cha nne au bila cheti, ninachokuomba ni kimoja: usiishie kwenye kuvuna. Ifuate mali yako mpaka inapopimwa, inapopangwa madaraja na inapouzwa, kisha utafute nafasi yako huko.

Mwani na kichanja

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, kikasambaa pwani ya bara hadi Kilwa, na sehemu kubwa ya wakulima wake ni wanawake. Kazi hufuata bamvua, maji yanapotoka mbali. Mkulima hupigilia vigingi, hufunga mbegu kwenye kamba, husubiri takriban wiki sita, kisha huvuna na kuanika. Kilo saba au nane mbichi hutoa kilo moja hivi kavu, na hapo ndipo hasara nyingi hutokea. Mwani ulioanikwa mchangani au ulionyeshewa hushuka thamani. Ulioanikwa juu ya kichanja hubaki safi. Kwa hiyo ukipata fedha kidogo, jenga kichanja kwanza kabla ya kuongeza kamba.

Aina ya cottonii hulipa kuliko spinosum, lakini hufa kwa urahisi maji ya kina kifupi yanapopata joto. Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa muda mrefu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar, alifanya kazi na wakulima kuupeleka mwani kwenye maji ya kina kirefu kwa kutumia nyavu, na kuwafundisha kuugeuza sabuni na bidhaa nyingine. Mfano wake una mafunzo mawili. La kwanza, sayansi ya bahari ni kazi ya mwanamke wa Kitanzania. La pili, anayekwenda kina kirefu anahitaji kujua kuogelea na kuendesha chombo. Binti wa pwani asione aibu kujifunza mambo hayo.

Ukiamua kutengeneza sabuni, tafuta mnunuzi kabla ya kununua vikombe vya kugandishia. Nenda ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, mjini Lindi upate mafunzo na barua ya utambulisho ya kwenda nayo TBS, shirika la viwango. Sabuni nzuri isiyo na alama ya ubora huishia kuuzwa kwa majirani.

Pweza, barafu na bandari

Songosongo na visiwa vya jirani, wanawake huchokoa pweza kwenye miamba maji yakitoka. Kanuni za uvuvi zinakataza kuvua pweza aliye chini ya nusu kilo, na sababu yake ni ya kibiashara pia: pweza hukua haraka sana, na ukimwacha wiki chache tu uzito wake huongezeka mno. Ndiyo maana vijiji kadhaa vya pwani hufunga miamba kwa muda, kisha huifungua kwa makubaliano.

Hata hivyo, pweza akishatolewa majini, bei yake hushikwa na mwenye barafu na usafiri. Asiye na barafu hana muda wa kubishana bei, kwa kuwa mali inaharibika mbele ya macho yake. Vijana wanne au watano wakichangia jokofu moja na masanduku ya barafu wanaweza kupata faida kuliko wakinunua vyombo vya kuvulia.

Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko. Bandari kama hiyo huhitaji mafundi wa majokofu, wakaguzi wa ubora wa samaki, makarani wa mizani, manahodha na wahasibu. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, una kampasi Mikindani, na VETA ipo Lindi. Binti wa Kivinje asipojiandaa sasa, nafasi hizo zitachukuliwa na waliojiandaa kwingine.

Ufuta ni vivyo hivyo. Huuzwa kwa stakabadhi ghalani: chama cha msingi hupokea, ghala hupima, na chama kikuu, kama Lindi Mwambao, husimamia mnada. Mabinti waliosoma hesabu waombe ukarani na uhasibu wa vyama hivyo, na wakulima wanawake wagombee bodi zake.

Fedha na majira

Mali bila daftari huisha bila habari. Andika kila shilingi, pamoja na nauli, maji na muda wako.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Jiungeni watu mnaoaminiana, sajilini kikundi, kisha ombeni fedha za kazi mnayoijua tayari.

Kabla ya kusaini mkopo wowote, uliza marejesho ni ya lini. Ufuta huleta fedha katikati ya mwaka, korosho mwishoni mwa mwaka, mwani kila baada ya wiki kadhaa. Mkopo unaodai kila Jumatatu haumfai mtu anayesubiri mnada. Hivyo ndivyo mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu inavyowanyang'anya wanawake vitanda na majiko. Ipo pia ya kwenye simu: Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Weka akiba ya dharura. Mei 2024 Kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga, na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Mwenye mali ya kuoza na asiye na akiba huumia kuliko wote siku kama hizo.

Somo wa kazi

Kama ulikatishwa masomo kwa ujauzito, mlango haujafungwa. Tangu tamko la Serikali la Novemba 2021, unaweza kurudi katika mfumo rasmi wa shule. Kupata mtoto mapema hakukuondolei akili yako.

Nina neno pia kwa mama zetu. Pwani hii, mwali hapewi utu uzima aende nao peke yake. Ana kungwi, ana somo wake wa kumwongoza. Basi tumpe na somo wa kazi. Wewe mama uliyefanikiwa kwenye mwani, duka, ghala au ofisi, chukua binti mmoja msimu huu. Mkalishe mbele ya daftari lako, mwonyeshe faida na hasara zako, mpeleke mnadani, mtambulishe kwa mnunuzi wako. Na fedha za korosho zikiingia nyumbani, ada yake ya chuo itolewe kabla ya shughuli za ngoma kuanza kuhesabiwa.