Hodi Tatu za Sheldon

Ngo, ngo, ngo: Penny! Ngo, ngo, ngo: Penny! Ngo, ngo, ngo: Penny! Hata mlango ukifunguliwa mapema, wanangu, lazima azimalize zote. Sisi nasi hupiga hodi tatu, lakini tukikaribishwa kwa ya kwanza tunaingia.

Huyo ni Sheldon Cooper akibisha kwa jirani yake Penny. Ni mwanafizikia wa kubuni katika The Big Bang Theory, tamthilia ya Marekani iliyorushwa kuanzia 2007 hadi 2019. Akili yake ni kali, ila mizaha humpita. Kwenye kochi ana pahali pake, na mwingine akikaa hapo Sheldon hatulii. Sababu anayo: wakati wa baridi hapo pana joto bila kumtoa jasho, na wakati wa joto upepo wa madirishani hupita papo hapo.

Wengi wameuliza kama ana usonji. Usonji ni namna ubongo unavyokua na kufanya kazi tangu utotoni. Humfanya mtu azungumze, asikie kelele au ashike utaratibu kwa njia yake. Si wazimu, si laana, wala hauambukizi. Waandishi wa tamthilia walisema hawakumwandika hivyo, lakini watu wenye usonji waliojiona kwake siwezi kuwaambia wamekosea. Ili kuutambua usonji, daktari huuliza habari za utotoni na kumtazama mtu kwa makini. Sisi tuna vipande tu vya maisha ya Sheldon.

Hebu turudi kwenye zile hodi. Mwaka 2016 tulielezwa chanzo chake. Akiwa na miaka 13 alifungua mlango nyumbani kwao bila kubisha, akaona jambo la baba yake lililomvunja moyo. Tangu siku hiyo hodi ya kwanza ni ya desturi. Zinazofuata ni za kuwapa waliomo ndani nafasi ya kujiweka sawa. Na sisi miaka yote hiyo tulikuwa tunacheka!

Ndiyo maana nampenda zaidi Julia wa kipindi cha watoto cha Sesame Street, mwanasesere aliyeingia kwenye televisheni mwaka 2017. Yeye, waliomtunga walisema wazi kwamba ana usonji. Mhusika mwenzake, Big Bird, anamsalimia, hajibiwi, anadhani hapendwi, wenzake wanamweleza kuwa sivyo. King'ora kinapolia, Julia anaumia masikio. Upo pia mchezo wa kukimbizana. Julia anafurahi mpaka anarukaruka, na watoto wenzake, mmoja baada ya mwingine, nao wanaanza kuruka.