Kiu ya Mbuni

Binamu yangu anayeishi Ubelgiji hunitumia picha kila ifikapo Machi: maua ya manjano yenye shingo ndefu yamechomoza mahali palipokuwa na theluji juzijuzi tu. Chini yake anaandika, "Na huko kwenu kumechanua nini?" Miaka mingi nilimjibu kwa dharau kidogo kwamba kwetu Butembo maua hayangoji msimu, ukilitaka ua, unatoka nje unalikata. Nilikuwa nasema uongo bila kujua.

Nina mibuni minne nyuma ya jiko, kati ya mlimau na tuta la lengalenga. Si shamba, na gunia halijawahi kujaa. Mwaka juzi, kiangazi cha Januari na Februari kilipokaza, niliihurumia. Kila jioni niliinywesha bidoni zima, na maji ya Butembo si ya kuchezea, kuna mtoto aliyeyapandisha mlima. Mama jirani alikuwa akinitazama juu ya uzio. "Papa, hiyo miti unaidekeza." Mvua ilipokuja, mibuni yake, ambayo hakuna aliyeipa hata kikombe, ilivaa nyeupe tupu kwa siku moja. Yangu ikatoa maua matatu hapa, matano pale, kama mtu anayelipa deni kwa sarafu.

Mwaka uliofuata nilifunga mkono. Majani yalilegea, mengine yakajikunja, na mara mbili nilishika bidoni nikaliweka chini. Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha Ijumaa usiku. Asubuhi ya Jumapili, si ile iliyofuata bali ya wiki ya pili, nilifungua mlango wa jiko nikapokewa na harufu kama ya asmini. Matawi yote yalikuwa meupe, kila kifundo kimefungwa kishada cha nyota ndogo zenye petali tano. Nilihesabu nyuma: siku tisa.

Jambo hili lina mtu aliyelijaribu kwa vipimo. Paulo Alvim, mtaalamu wa mimea kutoka Brazili, alikuwa akifanya kazi Peru, nchi ambayo pwani yake karibu haipati mvua kabisa. Ni mahali pazuri pa kuuliza swali kama hili, kwa sababu maji ya mmea unayapima mwenyewe, mbingu haikuingilii. Mwaka 1960 alichapisha jibu katika jarida la Science: mbuni unaonyweshwa mfululizo, matumba yake hubaki yamelala. Ule unaoachwa na kiu kwanza, kisha ukapewa maji, ndio unaochanua. Kwa hiyo maji peke yake hayatoshi, na ukavu peke yake hautoshi. Lazima vifuatane, kwa mpangilio huo.

Ukitaka kuona, chukua tawi katikati ya kiangazi, ulitazame pale jani linapoungana na kijiti. Utakuta vidomo vya kijani, vimebanana, vinanata kidogo ukivigusa, virefu kama punje ya mchele. Hayo ndiyo maua. Yamekwisha kuumbwa miezi kabla, yakafika milimita nne au sita, yakasimama. Mpita njia atadhani mti umechoka, kumbe kila tumba lina petali zake ndani, zimekunjwa. Wakati wa ukavu tumba linaendelea kukomaa bila kukua, hata likawa tayari kuitikia. Mvua ikigusa mizizi, na hewa ikapoa ghafla kama inavyopoa kwetu wingu likishuka kutoka milimani, maji yanapanda, homoni za kukua zinaongezeka, na tumba linavimba mara kadhaa ya ukubwa wake kwa siku chache. Kijani kinageuka rangi ya maziwa. Jioni ya mwisho matumba yanasimama wima kama mishumaa midogo, alfajiri yanafunguka. Usichelewe kuyatazama: siku ya tatu ni kahawia, ya nne yako chini.

Ua la binamu yangu nalo hungoja, ila linangoja baridi. Tulipu na mitufaha ya Ulaya inahitaji wiki nyingi za baridi kabla ya kuamini kwamba joto lililokuja si la kudanganya. Mimea mingine ya huko inasoma urefu wa mchana. Sisi hapa tungesoma nini? Ikweta inapita kusini kidogo tu mwa Butembo. Tofauti kati ya mchana wetu mrefu kabisa na mfupi kabisa haifiki dakika mbili. Baridi yetu ya usiku ni ileile Januari na Julai. Kinachobadilika ni mvua, nayo hubadilika mara mbili kwa mwaka. Ndiyo maana kwenye tawi moja unakuta tunda jekundu, tunda bichi na ua, na ndiyo maana kina mama wanarudi kwenye mti uleule mara nyingi wakichuma moja moja, wakati kwenye nchi zenye kiangazi kimoja kirefu mashine inapita mara moja. Mnunuzi anayelalamika kwamba kahawa ya milimani kwetu inachelewa kukamilika, na ajue kwamba mti unaheshimu viangazi viwili.

Mvua ya rasharasha katikati ya kiangazi, milimita chache tu, inatosha kuamsha matumba yaliyokwisha kuiva. Yale mengine yanabaki. Mavuno yanapasuka vipande, na mkulima analipa wachumaji mara tatu kwa kazi ya mara moja. Mimi mwenye miti minne naweza kufurahi kupata sherehe tatu. Mwenye hekta mbili hafurahi.

Faida ya kuchanua pamoja ilinijia kwa sauti kabla ya kuisoma popote. Saa mbili asubuhi mibuni ilikuwa inavuma. Nyuki wametoka wapi, sijui, hakuna mzinga mtaani kwetu. Walipita kutoka kwenye mbuni hadi kwenye mlimau, wakarudi. Kesho yake walikuja mapema zaidi. Mwaka 2013 Geraldine Wright wa Chuo Kikuu cha Newcastle na wenzake walionyesha sababu mojawapo ya nyuki kurudi: mbochi wa maua ya mbuni na ya jamii ya milimau una kafeini kidogo, chini ya kiwango ambacho nyuki angesikia uchungu. Nyuki waliofunzwa harufu kwa maji ya sukari yenye kafeini waliikumbuka baada ya saa 24 mara tatu zaidi ya wale waliopewa sukari tupu. Yaani mti unamnywesha mgeni kahawa ili asisahau njia. Sisi tuliiga.

Mibuni yangu ni Arabika, na Arabika inajichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, hata ukiwa mti mmoja. Hata hivyo David Roubik, akifanya utafiti Panama, aliandika mwaka 2002 kwamba nyuki wakiifikia, mavuno yanaweza kupanda kwa zaidi ya asilimia 50. Tangu nilipojua hilo, dawa ya wadudu haitoki kwenye banda siku za maua.

Robusta ni kesi nyingine, na hapo anaingia shangazi yangu wa Beni. Beni iko chini kuliko sisi, kuna joto, ni nchi ya Robusta na siku hizi ya kakao. Ugonjwa wa kunyauka, unaoletwa na kuvu linaloziba mishipa ya maji ya mti, uliiangamiza Robusta ya huko, na wengi waling'oa. Shangazi alikuwa na shamba upande wa Mbau. Mauaji ya raia yalipoanza huko mwaka 2014 aliliacha, akaingia mjini na vipandikizi vya mti mmoja uliokuwa umestahimili ugonjwa. Vitatu vilishika. Sasa ni miti mirefu kuliko paa, kila mwaka inakuwa myeupe ya kutia kizunguzungu, na kila mwaka anapata matunda ya kujaza sahani.

"Nimeitilia samadi," alinilalamikia kwenye simu. "Nimekata matawi. Labda udongo wa mjini."

Nikamwambia udongo hauna kosa. Robusta haikubali chavua yake mwenyewe. Chavua ikitua kwenye ua la damu yake, mti unaizuia isifike ndani. Na miti yake mitatu, kwa macho ya ua, ni mti mmoja, kwa kuwa yote imetoka kwenye mama mmoja. Nyuki wanakuja, upepo unapita, lakini wanabeba chavua ya ndugu kwa ndugu.

Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo miaka yote hii nimefuga wajane watatu."

Anahitaji mti wa ukoo mwingine karibu, basi. Mwisho wa mtaa kuna mzee mwenye Robusta aliyoiotesha kwa mbegu. Shangazi amekwenda kuomba kipandikizi, mzee amekataa pesa. Anataka mtetea, na awe anataga.