Alama za mgonjwa hazina maana bila kipimo chake

MGONJWA wa kiharusi anaruhusiwa kuondoka katika hospitali moja katikati ya jiji la Nairobi. Karatasi anayokabidhiwa ina maneno machache tu: “Uwezo wa kujitegemea: 18.” Siku mbili baadaye, jamaa zake wanamfikisha katika zahanati mtaani Kangemi. Je, mhudumu wa huko aelewe nini?

Mfano huu ni wa kubuni, lakini utata wenyewe ni wa kweli. Kipimo cha Barthel, kilichochapishwa Marekani mwaka wa 1965, huchunguza mambo 10 ya kila siku, yakiwemo kula, kuoga, kuvaa na kupanda ngazi. Toleo moja hukomea alama 100, jingine 20. Aliyepata 18 kwa 20 anakaribia kujitegemea kabisa, ilhali aliyepata 18 kwa 100 huhitaji msaidizi karibu kwa kila jambo. Anayeikosea nambari hiyo aweza kumwacha mgonjwa bila wa kumgeuza kitandani, hadi apate vidonda.

Katika matibabu ya saratani, utata huo ni mkubwa zaidi. Kwenye kipimo cha Karnofsky cha mwaka wa 1949, 100 ndiyo hali njema na 0 ni kifo. Kwenye kile cha ECOG mambo ni kinyume: 0 ndiyo hali njema na 5 ni kifo.

Ndiyo maana mwaka wa 2001 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliidhinisha mfumo wa pamoja wa kuainisha uwezo wa binadamu. Kila tendo lina msimbo wake. Kutembea, kwa mfano, ni d450, na ugumu wake hupimwa kuanzia 0, yaani hakuna tatizo, hadi 4, yaani mtu hawezi kabisa.

Hapa Kenya, tofauti ya maswali imewahi kubadilisha sura ya taifa zima. Sensa ya 2009 ilionyesha kuwa asilimia 3.5 ya wananchi walikuwa na ulemavu. Ile ya 2019 ilitaja asilimia 2.2. Si kwamba watu walipona. Mwaka wa 2019 waliulizwa kiwango cha ugumu wanaopata katika kuona, kusikia, kutembea na mengineyo, na waliohesabiwa ni wenye umri wa miaka mitano na zaidi.

Athari zake humfikia mtu binafsi. Anayetaka kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, lenye makao katika barabara ya Waiyaki, sharti kwanza apimwe na madaktari. Matokeo yao ndiyo humfungulia mlango wa manufaa kama vile msamaha wa kodi.

Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka wa 2023 inalenga kuunganisha rekodi za hospitali. Hata hivyo, kompyuta haiwezi kukisia maana ya nambari iliyoandikwa nusunusu. Itaisambaza kosa na yote.

Kwa hivyo, kabla ya kuondoka wodini, jamaa wa mgonjwa na waulize mambo matatu: kipimo gani kilitumika, alama hizo ni kati ya ngapi, na mgonjwa alipimwa lini. Majibu hayo yaandikwe papo hapo kwenye karatasi yake.