Homa Isiyoshuka kwa Mtoto Mchanga

Homa za watoto ni nyingi, na nyingi hupita. Ipo moja, nadra mno, ambayo yafaa tuielewe. Hutokana na kasoro ya kurithi katika kinga ya mwili, na madaktari huiita hemofagositiki limfohistiositosisi, kwa kifupi HLH. Mwaka 1952 madaktari Farquhar na Claireaux waliieleza kwa watoto wawili wa tumbo moja waliofariki wakiwa wachanga.

Kwa kawaida askari wa kinga huitoboa seli iliyoingiwa na virusi, huiua, kisha hutulia. Mwaka 1999 iligunduliwa kwamba baadhi ya watoto hawa wanakosa perforini, protini ya kutobolea. Basi askari hawaui wala hawatulii. Huzidi kupiga mbiu, hata seli nyingine za kinga zikala chembe za damu ya mtoto mwenyewe. Virusi vya kawaida, kama vile vya Epstein-Barr, vyaweza kuwasha moto huo. Homa hukataa kushuka, ini na wengu huvimba, mtoto hupauka na ngozi huvilia damu. Asipotibiwa, aghalabu hufariki katika miezi michache. Kwa dawa za kutuliza kinga, kisha kupandikizwa uboho, wengi huokolewa.

Wazazi huwa wazima, kila mmoja akibeba nakala moja yenye kasoro. Katika kila mimba, uwezekano wa mtoto kurithi zote mbili ni 1 kati ya 4. Watatu wazima waliotangulia hawamkingi wa nne. Ndoa ya watoto wa ndugu ni halali na ina heshima kwetu, ila huongeza uwezekano wa nakala hizo kukutana. Basi mama asilaumiwe, wala jicho la jirani: nusu ya urithi huo ni ya baba.

Mtoto wa chini ya miezi mitatu akifikia joto la nyuzi 38, apelekwe hospitali mara moja. Kutoka Granville, hospitali ya watoto ya Westmead ipo kituo cha tatu kwa treni. Tumweleze daktari, bila kuulizwa, kama wazazi ni jamaa, na kama kuna ndugu yake aliyefariki mchanga kwa homa, hata kama ni Unguja, Mombasa au Muscat. Asiyejimudu kwa Kiingereza aombe mkalimani. Nambari ya simu ni 131 450. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa anayelipa ni mtoto asiyeweza kusema.